Siku Ngapi za Bembea

Saa tisa za usiku, katika mapokezi ya hoteli moja ya West Bay mjini Doha, aghalabu hakuna mgeni anayefika. Waliokuja na ndege za jioni wamekwisha kulala, na wa alfajiri bado wako angani. Ni katika saa hiyo tulivu ambapo karani wa zamu ya usiku, mwanamume wa Tanga mwenye miaka thelathini na sita, aligeuza karatasi ya ratiba ya zamu, akaipiga mistari mitano kwa rula na kuandika juu ya mistari hiyo majina ya siku, kuanzia Jumapili hadi Alhamisi. Kichwani pa karatasi aliandika swali moja: Bembea siku ngapi?

Mkewe, mwalimu wa shule ya msingi, alikuwa aje katikati ya Desemba, shule zikiwa zimefungwa, pamoja na watoto wao wawili: mvulana wa miaka saba na msichana ambaye alikuwa hajatimiza minne. Wangekaa Doha siku kumi na mbili. Kati ya hizo, baba alikuwa na siku tano tu za likizo. Tangu mvulana alipoanza kuelewa maana ya ahadi, kila mazungumzo ya simu ya picha yalimalizikia mahali pamoja: siku mtakayokuja, nitawapeleka kwenye bembea kubwa kuliko zote mlizowahi kuziona.

Kwa juujuu, swali lenyewe ni la kawaida mno. Kila mzazi anayepanga kuwapeleka watoto wadogo kwenye bustani ya burudani hulikabili. Siku moja huonekana haba, maana safari ni ndefu na tiketi ni ghali, na itakuwaje mtu asafiri masafa yote hayo kwa ajili ya siku moja? Siku nne nazo huonekana nyingi, kwa sababu mtoto wa miaka mitatu hachukuliani na foleni wala hasamehe usingizi wa mchana ulioporwa. Mzazi hujaribu kutafuta namba iliyo katikati. Lakini chini ya karatasi ya yule karani ilikuwapo namba nyingine iliyoandikwa kwa kalamu ile ile, ambayo haikuhusu bembea hata kidogo: 79.

Hiyo ndiyo idadi ya siku ambazo binti yake alikuwa ameishi naye chini ya paa moja tangu azaliwe.

Hesabu yake ni rahisi. Sheria ya Kazi ya Qatar, Namba 14 ya mwaka 2004, inampa mfanyakazi ambaye hajatimiza miaka mitano ya utumishi likizo ya mwaka isiyopungua wiki tatu. Mwanamume huyo aliondoka Tanga mke wake akiwa mjamzito. Binti alizaliwa miezi mitatu baadaye. Kwa miaka mitatu mfululizo alirudi nyumbani kwa siku ishirini na moja. Mwaka wa nne baba yake mzazi alifariki mwezi wa Julai, naye akaenda kwa siku kumi na sita. Siku hizo alizimaliza karibu zote matangani, akiwa amekaa barazani na wanaume, akipokea pole na kupanga hitima, ilhali binti yake alikuwa akipita mlangoni na kumtazama kama alivyowatazama waombolezaji wengine. Zikabaki siku tano. Kwa kuwa tano hazitoshi mtu kwenda Tanga, akapumzika na kurudi, waliamua kwamba safari hii familia ndiyo imfuate.

Kwa hiyo karatasi ile ilihusu mgawo wa mali adimu, na swali la bembea lilikuwa sehemu yake ndogo. Kila siku iliyowekwa kwenye foleni ilikuwa imetolewa mahali pengine.

Mpango wake wa kwanza ulikuwa wa siku tatu. Jumatatu angewapeleka KidZania, iliyoko katika eneo la Aspire Park. Jumanne ingekuwa zamu ya Doha Quest, bustani iliyojengwa yote ndani ya jengo katika mtaa wa Msheireb. Jumatano angewapeleka kwenye jengo mojawapo la maduka lenye michezo ya watoto na uwanja wa barafu. Alimsomea mkewe mpango huo kwa simu, kwa fahari ya mtu anayesoma risiti ya deni alilolilipa.

Mkewe alisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, “Baba watoto, wewe unahesabu bembea. Mimi nahesabu usingizi wa huyu mdogo.”

“Nimewaahidi, mama. Ahadi ni deni.”

“Umemwahidi kaka yake. Huyu hajui hata unachomwahidi. Anakujua kwenye kioo cha simu. Sasa unataka ukampeleke kwenye kelele ili akujue?”

Hakumjibu usiku ule. Lakini kazi yake mwenyewe ilikuwa imekwisha kumfunza jambo ambalo mkewe hakuwa na sababu ya kulijua: namba ya siku za mapumziko mara nyingi haiamuliwi na anayepumzika. Hoteli huuza usiku wa tatu kwa bei nafuu kuliko wa kwanza ili mgeni aone kwamba kuondoka mapema ni hasara. Bustani kubwa za burudani duniani hufanya vivyo hivyo. Tiketi ya siku moja huwa ghali. Ya siku nyingi huwa na bei inayopungua kwa kila siku inayoongezwa, hadi siku ya nne ionekane kama zawadi. Mzazi akiitazama karatasi ya bei huacha kuuliza kama mtoto anaihitaji siku ya nne, akabaki kuuliza kama yeye anaweza kuiacha.

Haikuwa hivyo mwanzoni. Walt Disney alisimulia mara kadhaa kwamba wazo la bustani yake lilimjia akiwa amekaa kwenye benchi katika Griffith Park, Los Angeles, akiwatazama binti zake wakizunguka juu ya farasi wa mbao. Wao walicheza, yeye alikaa. Akajiuliza kwa nini pasiwepo mahali ambapo wazazi na watoto wanaweza kufurahi pamoja. Disneyland ilifunguliwa tarehe 17 Julai 1955 huko Anaheim, California, nayo familia nyingi za jirani ziliweza kuizuru na kulala nyumbani kwao. Bustani ya pili, iliyofunguliwa Florida tarehe 1 Oktoba 1971, ilianza ikiwa na hoteli zake ndani ya eneo lake, na kadiri miaka ilivyokwenda bustani nyingine ziliongezwa pembeni. Hapo ndipo siku moja ya kutoka na watoto ilipogeuka likizo ya wiki nzima, na swali la siku ngapi likazaliwa. Sasa biashara hiyo imelielekea Ghuba kwa nguvu: Mei 2025 kampuni ya Disney ilitangaza kwamba bustani yake ijayo itajengwa Abu Dhabi, katika Kisiwa cha Yas.

Wataalamu wa saikolojia nao wana la kusema kuhusu urefu wa starehe, na neno lao halimpendezi muuzaji wa tiketi. Mwaka 1993 Daniel Kahneman na wenzake waliwataka watu watumbukize mkono katika maji baridi ya nyuzijoto 14 kwa sekunde 60. Mara nyingine waliwataka wafanye hivyo hivyo, kisha waongeze sekunde 30 ambazo maji yalipashwa kidogo hadi kufikia nyuzijoto 15. Walipoulizwa ni jaribio lipi wangependa kulirudia, wengi walichagua lile refu, ingawa maumivu yake kwa jumla yalikuwa mengi zaidi. Sababu ni kwamba liliisha vizuri zaidi. Kumbukumbu haijumlishi dakika. Hushika kilele na mwisho, na muda uliopita katikati huupa uzito mdogo sana. Watafiti wa Uholanzi waliochapisha matokeo yao mwaka 2010 waligundua jambo la kufanana na hilo kuhusu likizo: wanaosafiri huwa na furaha kuliko wasiosafiri kabla ya safari, wakati wa kuingoja, lakini wakisharudi tofauti hiyo hutoweka kwa karibu wote, isipokuwa wale waliopumzika kwa utulivu mkubwa.

Tukiyafuata hayo, jibu la karani lilikuwa jepesi: siku moja nzuri, imalizwe vizuri. Tena kwa msichana wa miaka mitatu hata siku hiyo ingepotea, kwa kuwa watu wazima wachache mno hukumbuka chochote kilichowapata kabla ya umri huo.

Lakini hoja hiyo ina kasoro. Inachukulia kwamba thamani ya siku ni picha inayobaki kichwani. Mtoto anayenyonyeshwa hakumbuki hata tone moja, na hakuna anayesema kwamba alinyonya bure. Kuna mambo ambayo huingia kwa mtoto na kukaa bila kuwa kumbukumbu: nani aitwe usiku ukiamka, mkono wa nani ushikwe wakati wa kuvuka barabara. Mambo hayo hutaka wingi wa saa za kawaida, na wala hayana kilele. Karani hakuhitaji kumpa binti yake kumbukumbu ya bembea. Alihitaji kuzoewa, na kuzoewa hakuuzwi kwa tiketi ya siku moja wala ya siku nne.

Watu wa pwani wamekuwa na hesabu yao ya siku za bembea kabla ya bustani hizi kujengwa. Unguja, Idi husherehekewa kwa siku nne, na kila siku hujulikana kwa nafasi yake: sikukuu mosi, pili, tatu na nne. Asubuhi ni ya sala na ya jamaa. Mtoto aliyevaa nguo mpya hupita nyumba kwa nyumba, huamkia wakubwa, hupewa sarafu. Jioni ndipo huenda kwenye viwanja, Mnazi Mmoja au kiwanja cha kufurahishia watoto cha Kariakoo, kama vile watoto wa Mombasa waendavyo Makadara. Sarafu zikiisha, bembea zimeisha, na mtoto hurudi nyumbani. Ukitazama kwa makini utaona kwamba siku nne hizo si siku nne za bembea. Ni siku nne za watu, zenye saa chache za bembea mwishoni mwa kila moja. Tena ili kuifikia bembea, ilimpasa mtoto kwanza apite mikononi mwa shangazi, wajomba na babu. Starehe ililipiwa kwa kujuana.

Familia ilifika Jumamosi usiku, baada ya safari ya basi kutoka Tanga hadi Dar es Salaam na ndege ya takriban saa sita. Kwenye uwanja wa ndege wa Hamad, mvulana alimrukia baba yake. Msichana alisimama nyuma ya gauni la mama yake. Alipohimizwa, alisogea hatua moja, akainamisha kichwa na kusema kwa adabu kamili, “Shikamoo.”

“Marahaba, mwanangu.”

Hapakuwa na kosa lolote katika salamu hiyo. Ndivyo alivyofundishwa kumwamkia kila mtu mzima asiyemjua.

Walifikia Al Mansoura, katika chumba na sebule walivyoazimwa na Mkenya mmoja aliyekuwa amekwenda kwao kwa likizo. Jumapili ilikwisha bila mtu kuipangia kitu. Watoto walilala hadi karibu adhuhuri. Walipoamka walishangazwa na baridi, maana Desemba ya Doha huwataka watoto wa Tanga wavae sweta, na walishangazwa zaidi na jua. Saa za Doha na za Tanga ni zile zile, dakika kwa dakika, lakini katika mwezi huo jua la Doha huzama kabla ya saa kumi na moja jioni, ilhali la Tanga hungoja hadi baada ya saa kumi na mbili na nusu. Mvulana aliuliza kama siku za huku zimekatwa. Baba yake alicheka, ila swali lilimkaa. Mtu anayepanga siku tano za Desemba mjini Doha, amepanga siku fupi.

Jumatatu walikwenda KidZania. Walipanda treni Al Mansoura, wakabadili Msheireb na kuufuata mstari wa dhahabu hadi kituo chake cha mwisho, Al Aziziyah. Baba alichagua Jumatatu kwa makusudi, kwa sababu Ijumaa na Jumamosi ndizo siku za mapumziko nchini humo na foleni hurefuka.

KidZania ni mji mdogo wa watoto. Wa kwanza ulifunguliwa Mexico City mwaka 1999, na baadaye mfano wake ukaenea katika nchi nyingi. Mchezo wake ni kazi. Mtoto huwa mzima moto, rubani, daktari au mwokaji, na akimaliza hulipwa fedha za mji huo ziitwazo kidZo, ambazo anaweza kuzitumia humo humo. Wazazi hawaruhusiwi kuingia katika kazi hizo. Hukaa nje na kutazama kupitia dirisha.

Mvulana alifanya kazi sita siku hiyo. Alizima moto, alihudumia wagonjwa, alivaa sare tatu tofauti. Baba alisimama nje ya kioo na kumpungia mkono, akimpiga picha, na mvulana alipunga mara moja kisha akaendelea na shughuli zake. Mama aliona jambo ambalo mumewe alilichelewa kuliona: kwa miaka minne alikuwa amemtazama mwanawe kupitia kioo, na sasa alikuwa amelipa ili amtazame kupitia kioo kingine.

Msichana, kwa umri wake, alizuiwa karibu kila mlango. Alicheza katika sehemu ya watoto wadogo kwa saa moja, akala, akalia, akalala begani kwa mama yake saa nane mchana. Baba alijaribu kumpokea. Mtoto alifumbua macho, akaona ni nani, akamrudia mama.

Jioni, ndani ya treni, mvulana alihesabu kidZo zilizobaki mfukoni. “Baba, leo nimefanya kazi sita. Wewe kwa siku unafanya ngapi?”

“Moja.”

“Wanakulipa hapo hapo?”

“Hapana. Mwisho wa mwezi.”

“Halafu unatutumia?”

“Halafu nawatumia.”

Mvulana alifikiri kidogo. “Mimi ningemaliza zote kwanza kabla sijatoka,” alisema. “Huku nje hazifanyi kazi.”

Katika nchi ambayo karibu watu tisa kati ya kumi ni wageni waliokuja kwa ajili ya kazi, na ambayo tangu Machi 2021 kima cha chini cha mshahara ni riyali 1,000 kwa mwezi mbali na malazi na chakula, si watu wengi wanaolifuata shauri hilo. Karibu kila mmoja huchuma humu ili zifanye kazi nje.

Jumanne asubuhi msichana aliamka na mafua. Hakuwa na homa kali, lakini alikuwa mnyonge. Mpango ulisema Doha Quest. Mvulana alikuwa amekwisha kuvaa viatu.

“Twendeni tu,” alisema baba, “tutarudi mapema.”

“Nenda naye wewe. Mimi nitabaki na huyu,” alisema mama.

“Basi tutakuwa tumegawanyika siku nzima. Tumebakiwa na tatu.”

“Ndiyo nakwambia. Zimebaki tatu.”

Alikaa kitandani, karatasi yake mkononi. Waswahili husema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wengi huusikia msemo huo kama onyo kwa mgeni mvivu, lakini una upande mwingine. Anayepewa jembe si mgeni tena. Siku mbili za kwanza hupikiwa, hutandikiwa na kusifiwa. Siku ya tatu huingizwa katika kazi za nyumba, na kwa hiyo katika nyumba yenyewe. Hadi asubuhi hiyo, watoto wale walikuwa wageni wa baba yao. Aliwatandikia, akawalipia, akawaonyesha. Alikuwa amewafanyia kile anachowafanyia wageni kila usiku pale mapokezi.

Alimwambia mvulana avue viatu, kisha avae vingine vya kwendea sokoni. Walirudi na nguru mzima, nyanya, vitunguu na tui la kopo. Mvulana alipewa vitunguu saumu amenye. Msichana, pua ikiwa inamchuruzika, aliwekewa kigoda mbele ya sinki na kupewa nyanya azioshe. Aliosha kila moja kama vile inaoga mtoto. Baba yake alipochukua moja kabla ya zamu yake, msichana alimpiga kofi dogo mkononi na kusema, “Hiyo bado!” Mama alikuwa sebuleni akisahihisha madaftari aliyokuja nayo. Alisikia, wala hakuinuka.

Jioni baba alijua kwamba mpango wa siku tatu umekufa. Hakuurarua. Aliugeuza.

Jumatano alimchukua mvulana peke yake, akamwacha msichana apumzike na mama yake. Ahadi ilikuwa ya mvulana, naye alikuwa na haki ya kulipwa. Katika bustani ya Msheireb, kama ilivyo kwenye bustani zote za namna hiyo, mlangoni pa kila chombo pana kipimo cha urefu. Kichwa cha mvulana kilifikia baadhi ya alama na kupungukiwa na nyingine, na huko alikozuiliwa alisononeka kidogo. Lakini pale alipofikia, safari hii baba aliruhusiwa kukaa kando yake. Walipanda pamoja gari dogo la reli, likaporomoka, na mvulana akamng’ang’ania mkono kwa kucha. Waliingia asubuhi, wakatoka baada ya saa nne. Mvulana alitaka abaki. Baba alisema twende, na waliondoka kijana akiwa bado anataka, jambo ambalo ni jema kuliko kungoja hadi achoke na kununa. Mvulana alinuna hata hivyo, hadi kituo cha pili.

Siku ya mwisho, Alhamisi, waliitumia West Bay. Watoto walitaka kuona anapofanya kazi baba. Kwa riyali 6 za tiketi ya siku nzima walipanda treni na kushuka mara nyingi kuliko ilivyohitajika, kwa kuwa msichana alikuwa amegundua kwamba treni za Doha hazina dereva. “Nani anaendesha?” aliuliza. Baba alimweleza kuhusu mashine. Aliuliza tena. Baba alimweleza tena. Katika bustani za burudani, kila swali la mtoto lina mfanyakazi mwenye sare wa kulijibu. Humo kwenye behewa alikuwapo yeye tu.

Walimwonyesha msichana piramidi la hoteli ya Sheraton, lililofunguliwa mwaka 1982, wakati ambapo West Bay ilikuwa ardhi mpya iliyofukiwa kutoka baharini na jengo hilo likisimama karibu peke yake. Walimwonyesha mnara wa Doha uliosanifiwa na Jean Nouvel, wenye ngozi ya nakshi kama dirisha la kale. Mvulana alihesabu minara hadi akapoteza hesabu, kisha akataka aonyeshwa ule wa baba. Baba alionyesha mlango wa vioo kwa mbali. Hawakuingia. “Unakaa hapo usiku kucha?” mvulana aliuliza. “Na wewe hulali?”

Walimalizia ufukweni, Corniche, ambako majahazi ya mbao hungoja abiria wa kutembezwa. Jua lilizama kabla hawajamaliza kukubaliana bei. Msichana alilala njiani, ndani ya jahazi, juu ya mapaja yaliyokuwa karibu naye. Yalikuwa ya baba yake. Huenda ni kwa sababu mama alikaa upande wa pili.

Ijumaa alirudi kazini. Kwa siku zilizobaki familia ilimwona kama wanavyoonwa watu wa zamu za usiku, akiingia asubuhi macho mekundu, akilala mchana huku watoto wakikanywa wasipige kelele. Mkewe alisema baadaye kwamba siku hizo nazo zilikuwa na faida. Watoto waliona fedha inavyopatikana, bila sare za kuchezea.

Waliondoka Alhamisi iliyofuata. Uwanjani msichana alimpa mkono, akasita, kisha akasema “kwaheri, baba” kwa sauti ndogo. Wiki mbili baadaye, kwenye simu ya picha, alirudia shikamoo yake ya mbali, akaondoka kwenda kucheza. Baba hakushangaa. Chini ya karatasi alikuwa amefuta 79 na kuandika 91, na alijua kwamba namba hiyo bado ni ndogo.

Mwezi wa Februari, mwenzake wa mapokezi, Mganda mwenye watoto watatu, alimwambia kwamba familia yake itakuja wakati wa Pasaka. Naye alikuwa ameshika karatasi.

“Kaka, kwenye bembea niwapeleke siku ngapi?”

“Moja na nusu,” alijibu bila kufikiri. Kisha akaongeza, “Lakini likizo omba siku kumi.”